Mikono Nyuma

Nyumbani kwa binti yangu kuna sheria moja kubwa, na nilikutana nayo mlangoni, mkono wangu wa kulia ukiwa bado kwenye plasta. Mtoto akiwa kazini, mtu mzima anaweka mikono nyuma. Maji yakimwagika, mikono nyuma. Kiatu cha kulia kikisukumwa mguu wa kushoto, mikono nyuma na mdomo ufungwe. Mkwe wangu ni fundi wa lifti, baba mzima mwenye kifua chake, nami nilimkuta sebuleni amesimama hivyo hivyo, macho chini, mbele ya mtoto wa miaka mitatu. Nikadhani ameshtakiwa.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Sijafanya kitu, Mama. Anavaa soksi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tulipomaliza chai," akasema kwa sauti ya chini, asije akaharibu kazi ya watu.

Huyo mvaa soksi ndiye mjukuu wangu. Tunamwita Meneja, kwa sababu tangu alipojua kusimama husimama mikono kiunoni, anatukagua. Jina lake halisi analo kwenye cheti na linangoja aanze shule.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nyingine siijui na sina hamu ya kuijua. Nina kibanda changu sokoni, chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ndani yake cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu ambayo nilianza kuikalia nikiwa na mimba ya huyu huyu binti yangu. Nashona sare za shule, mapazia, magauni ya maharusi wanaokumbuka kushona wakati kadi zimeshagawiwa. Basi siku moja mtu wa usafi akapiga deki ngazi za soko, akaenda zake bila kumwambia mtu, na mimi nikazishuka zile ngazi kwa njia ambayo sikuipanga. Kifundo cha mkono kikavunjika. Plasta ilipotolewa mkono ulikuwepo, lakini vidole viligoma. Vilikaa pale vinanitazama tu. Kijiko kinaanguka, kalamu inaanguka, sindano ndiyo usiseme. Kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitali alinipa mpira mdogo, akaniambia niwe naubonyeza asubuhi na jioni. Nikaubonyeza kidogo, nikajiona kama mtu anayekamua limau lililokauka, nikausukumia uvunguni.

Hapo ndipo binti yangu alipoanza ile lugha ya kutulia. "Mama, umehangaika vya kutosha. Tulia hapa kwetu. Cherehani tuiuze, kibanda tukirudishe kwa mwenyewe." Anasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, maana mtu akikugombeza angalau unapata la kumjibu. Nikamwambia nitatulia nikishakufa, muda utakuwepo wa kutosha. Tukavutana, yeye kwa upole na mimi kwa sauti, mpaka tukapatana hivi: siku nitakayoweza kujivalisha mwenyewe, vifungo na vyote, narudi kwangu na hakuna wa kunizuia. Vikishindikana, cherehani inatafutiwa mnunuzi.

Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa najiona jabali. Ndipo nikaenda chumbani, nikafungua begi, nikakaa kitandani nikanywea. Magauni yangu yote nimejishonea mwenyewe. Na mimi, fundi wa kupenda sifa, nimeyawekea vifungo vidogo vidogo kutoka shingoni mpaka chini ya magoti, na matundu nimeyabana ili watu sokoni waseme huyu mama anajua kazi. Mkono mzima unahitaji subira kuyafunga. Mkono wangu ule ungehitaji muujiza.

Sasa huo mtindo wa mikono nyuma. Binti yangu aliuona kwenye simu, akajiandikisha semina, akarudi mtu mwingine. Kabati la vyombo vya wageni likatolewa sebuleni, ikaja rafu fupi inayonifika magotini, na juu yake trei: trei ya majagi mawili madogo ya kumiminia maji, trei ya maharage ya kuhamisha kwa kijiko kutoka bakuli hili kwenda lile, trei ya vibanio vya nguo vya kubana ukingoni mwa kikapu. Kila kazi inafanyiwa juu ya mkeka wake mdogo, ikiisha inarudi mahali pake, na mkeka unakunjwa. Nikiuliza sababu naambiwa, "Montessori anasema hivi, Mama," "Montessori hataki hivyo." Niliamini kabisa ni mwenzake wa duka la dawa anakofanya kazi. Nikamwambia amlete huyo mama siku moja tule naye, nimweleze machache kuhusu watoto. Mkwe wangu akatoka nje kwenda kuchekea huko. Kumbe ni daktari wa zamani wa nchi za mbali, alishafariki kabla mimi sijajua kutia uzi kwenye sindano. Nikamwombea apumzike pema, lakini sikumsamehe.

Maana huo mtindo ulikuwa unanitesa. Mimi ni mtu wa mikono. Nikiona kola imekaa upande naiweka sawa, hata ya mtu nisiyemjua. Sasa nakaa kwenye kochi namtazama mtoto anahamisha maharage, moja linaanguka, lingine linaanguka, na vidole vyangu, pamoja na ugonjwa wake, vinawasha.

Bosi wa mkwe wangu alikuja kunipa pole. Mtu mkubwa, suruali ya rangi ya maziwa, viatu vya kung'aa. Meneja akasema atamletea mgeni maji. Akaja na jagi lake na glasi, akaiweka glasi kwenye mkono wa kochi, akaanza kumimina taratibu kwa makini yote ya dunia hii, na maji yote yanaenda kwenye paja la bosi. Bosi akamtafuta mkwe wangu kwa macho. Mkwe wangu mikono nyuma, anatazama dari. Akanitafuta mimi, nikageuza uso. Meneja akamaliza kumimina, akaenda jikoni kwa mwendo wake, akarudi na kitambaa.

"Ukimwaga, unafuta," akamwambia.

Mtu mwenye mafundi chini yake mji mzima akafuta suruali, akafuta kochi, akakunja kitambaa, akauliza akiweke wapi.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini kesho yake asubuhi kicheko kiliniishia. Kila siku, kabla ya yote, binti yangu alikuwa anakuja chumbani kwangu na kupiga magoti mbele yangu, na kunifunga vifungo. Fya, fya, fya, kama anafunga bahasha. Ananichana nywele, ananikatia mkate vipande vidogo, ananishikia kikombe. Nikijaribu mwenyewe ananipokonya. "Acha nikusaidie, Mama, utachelewa." Nichelewe wapi? Halafu anatoka hapo anaenda sebuleni kumtazama mwanawe akihangaika na zipu moja mpaka jua linapanda, mikono nyuma, uso umejaa imani. Nilikuwa nawasikia kupitia mlango. "Unaweza, mama, polepole." Mimi hakuna aliyeniambia ninaweza. Iliniuma sana, na sikuwa na pa kuisemea.

Kisha akatengeneza fremu ya vifungo. Mkwe wangu alipigilia mbao, binti yangu akashonea vipande viwili vya kitambaa vyenye vifungo vikubwa katikati, mtoto ajifunze kufunga na kufungua. Nilipoonyeshwa nilishindwa kunyamaza. Ule mshono ulikuwa aibu kwa ukoo, matundu yamelegea, kifungo kinapita bila kubisha hodi. Nikasema hivyo hivyo. Binti yangu akacheka, akaiweka kwenye rafu, akaenda kazini. Zamu yake duka la dawa inaanza mchana, na mchana tunabaki mimi na Meneja, naye akishakula analala.

Siku hiyo alipolala niliichukua fremu nikaiweka mapajani, nia yangu ni kuhesabu makosa ya mshono. Nikajaribu kifungo kimoja. Hakikuingia. Nikajaribu tena, kikateleza. Lile tundu nililolicheka, bovu, pana kama mdomo wa mfuko, lilinishinda. Nilikaa pale nikaogopa kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Niliiona cherehani yangu inabebwa na watu wengine, mmoja ameshika kichwa, mwingine ameshika meza.

Basi nikaanza wizi. Meneja akifumba macho tu, mimi naelekea kwenye rafu. Nikaanza na maharage, nikaona kijiko nitakiweza. Yakamwagika yote, yakatawanyika chini ya makochi, na mimi nikatamka neno ambalo si la mtu wa umri wangu. Nilipoinua kichwa, Meneja alikuwa amesimama mlangoni na fulana yake, nywele zimelalia upande mmoja, mikono nyuma. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Bibi," akasema. "Hujatandika mkeka."

Nikamwambia Bibi alikuwa anasafisha tu. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayesema kitambaa kimepungua chenyewe. Akaleta mkeka, akautandika, akaketi. "Sasa okota." Nikaokota. Kisha akachukua kijiko, akanionyesha bila kusema neno, taratibu, kijiko kinaingia, kinapanda, kinangoja kidogo, kinamimina. Akanipa. "Zamu yako." Mimi nimefundisha wasichana wengi kushona, na nilikuwa nawafundisha kwa makelele. Sijawahi kufundishwa kimya kimya namna ile.

Kuanzia hapo mchana wetu ukawa shule, na mwanafunzi nilikuwa mimi. Mwalimu mwenyewe ni mkali. Nikitaka kuruka kazi ya vibanio niende kwenye vifungo, ananirudisha: "Bado, Bibi." Nikitumia mkono wa kushoto kwa siri, anaukalia. Nikikasirika ananiambia nikakojoe kwanza. Tukaanza kushindana kubana vibanio kwenye kikapu, na alikuwa ananishinda, na akishinda hana hata adabu ya kuficha furaha. Siku kidole gumba changu kilipobana kibanio mpaka kikashika na kubaki pale, nililia. Meneja akaniuliza kama nimeumia. Nikamwambia hapana, nimefurahi. Akasema nikifurahi nikunje mkeka.

Kwa nini sikumwambia binti yangu? Kiburi, kwanza. Nilishausema vibaya ule mtindo asubuhi na jioni, ningeanzia wapi? Na nilikuwa naogopa ule upole wake. Ningejaribu mbele yake nikashindwa, angenifuta machozi na kuninunulia blanketi, mambo yangeishia hapo. Kwa hiyo asubuhi niliendelea kukaa kama sanamu, nafungwa vifungo. Meneja alikuwa anakuja kusimama mlangoni anatazama, uso umekunjamana. Jambo fulani kwenye ile hesabu lilikuwa halimkai sawa.

Naye binti yangu, asiyejua lolote, akachoka kungoja. Asubuhi moja akaingia chumbani amenitolea gauni la kijani, lile la heshima.

"Mama, usikasirike. Kuna dada anashona mashuka, anataka cherehani ya miguu. Anapita hapa sasa hivi kuchukua ufunguo wa kibanda akaione."

"Hatukupatana hivyo."

"Tulipatana, Mama. Ni muda sasa. Kila asubuhi nakufunga mimi." Na alipokuwa anasema alishapiga magoti, na vidole vyake vimeshika kifungo cha shingoni.

"Mama," ikasema sauti mlangoni. "Mikono nyuma."

Binti yangu akageuka. Meneja alikuwa amesimama, mikono kiunoni safari hii.

"Mwanangu, ngoja nimalizane na Bibi."

"Hiyo ni kazi ya Bibi."

"Bibi anaumwa mkono."

"Wewe unafanya kazi ya Bibi kila siku," Meneja akasema, na mdomo ukaanza kutetemeka, maana kwake lilikuwa jambo kubwa. "Sasa Bibi atajuaje?"

Binti yangu alimtazama mtoto, akanitazama mimi, na nikaona lile swali linazama taratibu. Akaachia kifungo. Akasimama. Mikono yake ilikwenda nyuma kwa shida, kama mtu anayevutwa.

Nikaanza. Na kwa sababu nilikuwa na hasira na haraka, nilianzia juu, shingoni, mahali nisipopaona, jambo ambalo nimewakataza wasichana wangu maisha yangu yote. Kifungo cha kwanza kilinichukua muda mpaka jasho likanitoka. Nje tukasikia mlango unagongwa, mkwe wangu anakaribisha mgeni, kochi linalia. Cha pili. Vidole vinateleza, narudia. Meneja akatoka mara moja kumsalimia mgeni, akarudi na jagi lake tupu, akaketi sakafuni, kidevu mikononi. Binti yangu alikuwa amesimama ananitazama, na kila kifungo kilipokataa bega lake lilikuwa linashtuka, linataka kuja. Alikuwa analia bila sauti. Nilitaka kumwambia aache, lakini nilikuwa na kazi.

Nilipofika magotini sikuamini. Nikasimama wima, nikajipangusa, nikajiona nimevishwa na malaika. Binti yangu alifungua mdomo kusema kitu, Meneja akaweka kidole midomoni mwake, "Shh," naye akaufunga. Mimi sikujali. Nikatoka kwenda sebuleni kama bibi harusi.

Mgeni alikuwa mwanamke mnene mwenye tepu ya kupimia shingoni, suruali yake imelowa, kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni yake. Alishakaribishwa maji, basi. Mkwe wangu amesimama karibu na rafu. Mgeni akainuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Utanisamehe kwa asubuhi yako. Cherehani haiuzwi. Mwenyewe anarudi kazini."

Alitaka kujibu, lakini macho yake yakashuka kifuani kwangu na yakagandia hapo. Nami naujua ule mtazamo, ni wa kwangu. Ni mtazamo wa fundi aliyeona kitu kimekaa upande.

"Mama, samahani," akasema, na mikono yake ikaja yenyewe. "Hapa umeruka kimoja, gauni limepanda juu upande huu, ngoja nikuwekee..."

"Dada, tafadhali. Mikono nyuma."

Nilidhani ni Meneja. Sio Meneja. Meneja alikuwa kimya kando yangu. Ni binti yangu, amesimama mlangoni mwa chumba, macho mekundu, mikono yake mwenyewe ameibana mgongoni.

"Ataona mwenyewe," akasema, sauti inakatika. "Anaweza. Polepole, Mama."

Mgeni akatutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayetania, akaweka mikono nyuma. Mkwe wangu akaweka ya kwake, kisha akageukia ukutani kwa heshima, ingawa ndani nina shimizi ndefu, msiniwazie vibaya. Nikainama nikajitazama. Gauni lilikuwa limepinda kutoka shingoni mpaka chini, kifungo kimoja kimebaki juu bila tundu, tundu moja limebaki chini bila kifungo. Kazi kama hiyo ningemrudishia msichana wangu usoni.

Meneja alikwenda kwenye rafu, akachukua mkeka wake mdogo, akaja kuutandika mbele ya miguu yangu. Nikaukanyaga, nikafungua vyote, nikaanza upya, safari hii kutoka chini.